Waya mpya wa spika eti upigwe masaa 200 ndo ufunguke, kuna ukweli au nataka kupigwa?

Mkazi wa Nkuhungu

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya sauti maana nimeshachanganywa.

Nina kamziki kangu sebuleni, amplifaya ya kizamani ya wati 60 kila upande na spika mbili za kukaa kwenye stendi, ohm 8. Waya ninazotumia ni zile nyembamba nyekundu na nyeusi zinazokuja na redio. Sasa nimempata jamaa anauza vifaa vya muziki mtandaoni, yuko Dar, anatuma kwa basi. Ana waya wa spika mita tatu tatu, pea nzima laki na themanini. Bei imeniuma lakini nikasema ngoja nijipinde mara moja niachane na hii habari.

Kilichonitoa kwenye mstari ni maelezo yake. Kaniambia waya ukifika nisishtuke sauti ikiwa imebana, eti waya mpya lazima ufanye ranin kama injini ya bodaboda iliyotoka kufunguliwa, masaa 200 ya muziki, kabla ya hapo trebo inakuwa kali na bezi haitoki. Eti ile plastiki inayozunguka shaba inatakiwa ijipange na umeme kwanza. Mimi nasikiliza kama masaa mawili jioni nikitoka kazini Mtumba, kwa hiyo hapo ni miezi mitatu na zaidi ndo nijue nimenunua nini. Nilipolalamika akasema anacho kimashine cha kuupika waya hukohuko kwake siku tatu, naongeza elfu 40 tu.

Halafu waya una mishale, kasema nikigeuza sauti inakufa. Wenye uzoefu naomba mnisaidie, hela bado sijatuma.

Fundi Makole

Mkuu hiyo elfu 40 kanywee supu.

Waya wa spika ni shaba na plastiki, basi. Umeme unaopita humo ni wa kwenda na kurudi, bezi ikipiga hezi 50 umeme unageuka upande mara 100 kila sekunde, hakuna njia inayochimbwa humo ndani mpaka ikalainika. Injini inafanya ranin kwa sababu ringi na silinda vinasuguana mpaka vikae sawa, sasa kwenye waya nini kinasugua nini? Na hiyo ya plastiki kujipanga, ni kweli plastiki ya waya inatunza chaji kidogo, inapimika kabisa, ni picofaradi (kipimo kidogo sana cha uwezo wa kutunza chaji) makumi kadhaa kwa mita, ila inatunza na kuachia papo hapo tangu dakika ya kwanza, na kwa waya wa mita tatu uliofungwa kwenye amplifaya ya kawaida hicho kiasi masikio hayana habari nacho.

Nikupe hesabu uone tunaongelea vitu vidogo kiasi gani. Shaba ya mm 2.5 (ni milimita za mraba hizo, sio kipenyo) ina kama ohm 0.0074 kwa mita. Waya wako wa mita tatu umeme unaenda mita tatu na kurudi mita tatu, kwa hiyo jumla ni kama ohm 0.044. Shaba ikipata joto upinzani wake unapanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya mwezi wa saba hapa Dodoma na mchana wa mwezi wa kumi tofauti ya nyuzi 15 inafika bila shida, maana yake waya wako unabadilika kama asilimia 6 kwa hali ya hewa tu, na bado hiyo asilimia 6 ni ohm 0.003 mbele ya spika ya ohm 8. Kama kuna mtu anasikia waya ukipikika basi angekuwa anasikia na msimu ukibadilika, na sijawahi kuona mtu anakuja kulalamika kwamba spika zake zinakosa bezi mwezi wa kumi.

Kama unapenda kupima mwenyewe mita ya kawaida ya elfu ishirini haitakusaidia, ukigusanisha probu zake zenyewe inasoma ohm 0.2 au 0.3, waya wote unapotelea humo. Fanya hivi. Chukua betri ya gari na balbu ya breki ya volti 12 wati 21, hiyo inavuta kama ampia 1.75. Gusanisha ncha mbili za mwisho wa waya wa spika zishikane, ufunge waya kwa mfululizo na balbu ili umeme wote wa balbu upitie humo. Balbu ikishawaka ikatulia weka mita kwenye skeli ya milivolti 200 upime pale mwanzo wa waya, ncha moja kwenda nyingine. Utaona kama milivolti 77. Andika kwenye karatasi. Piga muziki wako mwezi mzima, rudi na betri yenye chaji ileile na hali ya hewa ileile, pima tena. Ikishuka njoo hapa nikulipie nauli ya Dar ukamshukuru jamaa.

Mishale: kuna waya za signo, zile za kutoka kwenye sidii kwenda kwenye amplifaya, ambazo lile wavu la kukinga limeunganishwa upande mmoja tu, hizo mshale una kazi yake. Waya wa spika umeme unaenda na kurudi, mshale unaonyesha nini sasa.

SautiSafi

Fundi nakuheshimu ila wengine tumesikia kwa masikio yetu. Nilibadilisha waya nyumbani kwangu Kisasa, mwanzoni sauti ilikuwa kavu, trebo inachoma, nikaiacha inapiga, baada ya wiki kadhaa ikatulia kabisa, bezi ikawa nene, sauti za waimbaji zikasogea mbele. Sikujilazimisha, hata mke wangu alisema. Sio kila kitu kinapimwa na mita, kama ni hivyo amplifaya zote zenye vipimo sawa zingelia sawa.

Dada Alto

Kaka SautiSafi nakuamini kwamba ulisikia tofauti, swali ni tofauti ilitoka wapi. Siku ile uliyobadilisha waya uligusa kitu gani kingine? Maana mtu akibadili waya anazima amplifaya, anavuta spika mbele afike nyuma, anachomoa pini zilizokaa pale miaka, anachomeka, anarudisha spika sentimita kumi pembeni ya pale zilipokuwa. Kwa vumbi letu hili la kuanzia mwezi wa nane ile kuchomoa na kuchomeka peke yake inakwangua uchafu na kutu kwenye pini. Na spika kusogea ukutani bezi inanenepa, hilo halina ubishi, jaribuni leo.

Halafu kama spika nazo zilikuwa mpya hapo kuna jambo la kweli kabisa. Spika ni mashine, ina koni inayocheza, ina ile raba ya pembeni na spaida kule nyuma inayoshikilia koili. Hivyo vinalainika vikianza kucheza na unaweza kupima, mlio wake wa asili unashuka kidogo. Sehemu kubwa ya hiyo inaisha mapema tu, hata hiyo haihitaji miezi. Kwenye amplifaya nako kapasita, vile vikopo vya kutunza chaji, zilizokaa stoo miaka bila umeme zinahitaji kurudishwa taratibu. Kwa hiyo neno lenyewe halikuzuliwa hewani, limetoka kwenye vitu vinavyocheza au vyenye kemikali ndani, watu wakalivisha na waya.

Na kikubwa kuliko vyote ni sisi wenyewe. Mimi narekodi kwaya, nikikaa na mikisi ile ile kutwa nzima trebo iliyokuwa inanichoma asubuhi jioni naiona ya kawaida, na sijagusa kitu. Ubongo unazoea. Ukikaa na spika zako wiki tatu ulizozoea ni wewe.

Kama unataka kujua ukweli tafuta waya mbili za aina moja, roli moja, moja piga hayo masaa 200, nyingine iache kwenye boksi. Kisha mtu mwingine akubadilishie nyuma ya pazia, shemeji au mtoto yeyote, wewe usione, arushe shilingi kuamua ni ipi, uandike umesikia ipi. Sauti iwe kiwango kilekile kabisa maana ikizidi hata desibeli moja ile yenye kelele zaidi utaiona tamu na hutajua kwa nini. Mara kumi. Na ukipata saba usikimbilie kushangilia, anayebahatisha tu hupata saba au zaidi kama mara 17 kwenye kila majaribio 100. Ukipata kumi kwa kumi hapo tutakaa tuongee, maana hiyo kwa kubahatisha ni mara moja kwenye 1,024.

Mimi muziki wa kupimia ni ilimba, kile kinanda cha Wagogo cha kupigwa kwa vidole gumba, ya mzee wetu Hukwe Zawose, zile ting'ting' za juu zikiharibika kidogo unasikia mara moja, kuliko hizi bongofleva ambazo bezi inafunika kila kitu.

Zabibu Chungu

Mbukwenyi wakuu.

Mimi nauliza tu, nguzo za umeme zilizosimamishwa juzi huku Nzuguni nazo zimeshafanya ranin? Maana friji langu naona linagandisha kwa sauti ya kubana 😂😂

Jingine, hamjajiuliza hizi habari zimetoka wapi. Huko ng'ambo duka linakupa wiki kadhaa za kurudisha mzigo kama hujaupenda. Sasa mwenye duka akikuambia vumilia masaa 200, ukija kushtuka muda wa kurudisha umeshapita na wewe umeshazoea. Kwetu huyo jamaa anajisumbua bure, risiti zetu chini zimeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, angeweza kukuambia ukweli na bado usingemfanya kitu.

Na kulikuwa na mzee wa Marekani aliyeitwa James Randi, alifariki 2020, mwanamazingaombwe aliyegeuka kuwaumbua matapeli, mwaka 2007 alisema atatoa dola milioni moja kwa atakayeweza kutofautisha kwa masikio waya za Pear Anjou za zaidi ya dola 7,000 na waya za kawaida nzuri. Yakawa maneno mengi kwenye mitandao na lile jaribio halikufanyika. Milioni ya dola ilikuwa mezani kwa mtu mwenye masikio tu. Mimi ningeoga nikaenda.

SautiSafi

Zabibu utani mwingi. Hilo la dola kutofanyika halithibitishi upande wowote, jaribio ambalo halikufanyika halina mshindi.

Dada Alto hoja ya kusogeza spika naichukua, nitapima umbali wa ukutani. Ila spika zangu hazikuwa mpya, na bado nasema kuna vitu mtu anasikia kabla mashine haijafikia kuvipima. Kuficha macho nako kunakupa presha, huwezi kusikiliza muziki kama mtihani wa darasa la saba.

Dada Alto

Presha kweli ipo kaka, ndo maana chukua muda wako, hata wiki nzima, kila siku jaribio moja, unakunywa chai yako, hakuna anayekusimamia. Sharti ni moja, usijue ni waya upi.

Na kama mtihani huutaki kuna njia ambayo masikio hayahusiki. Rekodi wimbo mmoja kupitia waya wa kwenye boksi, kisha kupitia waya uliopigwa, kwa saundikadi ile ile, kiwango kile kile. Ingiza zote mbili kwenye programu ya kurekodia, zipange zianze pamoja kabisa, moja igeuze juu chini, zijumlishe. Kilichofanana kinafutana, kinachobaki ndo tofauti yenyewe. Kama waya umefunguka utasikia kitu cha maana hapo. Utakachobaki nacho ni kelele ndogo za saundikadi yenyewe, ukiongeza sauti sana unasikia shhhh, hakuna mwimbaji aliyesogea mbele.

Muziki wa Kukodi Kibaigwa

Nimesoma uzi wote, mtoa mada naona watu wamejibu la masaa 200 ila hawajakuambia hela yako uipeleke wapi.

Waya unabadilisha sauti, msije mkamwambia mtu waya wote ni sawa. Kinachobadilisha ni unene, urefu, chuma gani kiko ndani, na vichwa vimefungwaje. Mimi nafunga muziki wa send-off na mikutano huku Kongwa hadi Mpwapwa, waya ninazo za kutosha. Chukua zile nyembamba za redio, tuseme ni mm 0.5, vuta mita 10 kwenda kwenye spika ya ohm 4. Hapo una zaidi ya ohm 0.7 njiani. Nguvu inayofika kwenye spika inapungua kama robo na kidogo, na bezi inakuwa ya kuyumba kwa sababu amplifaya inashindwa kuishika koni vizuri. Hiyo unaisikia siku ya kwanza, dakika ya kwanza, hata ukiwa jikoni. Weka mm 2.5 umbali ule ule na unakaa kwenye ohm 0.15, tatizo kwisha.

Kwa wewe wa mita tatu na ohm 8, waya wa shaba wa mm 1.5 unakutosha, mm 2.5 ni anasa ya bei rahisi. Nenda duka la vifaa vya umeme pale mjini sio duka la muziki, omba waya laini wa nyuzi nyuzi, sio ule mgumu wa kupitisha kwenye ukuta. Utanunua wote na chenji ya daladala ibaki.

Ila angalia usiuziwe alumini iliyopakwa shaba. Hizi zimejaa, nje nyekundu safi kabisa. Upinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu kwa unene ule ule, na shida kubwa zaidi inakatika ovyo ukiikunja na ukiibana na skrubu inalegea. Namna ya kuitambua: vua plastiki, chukua unyuzi mmoja ukwangue na wembe. Ndani kukiwa kweupe ni alumini. Kukiwa kwekundu mpaka katikati ni shaba. Kuna shaba imepakwa bati, hiyo nje nyeupe ila ukikwangua ndani nyekundu, hiyo ni nzuri msiikatae. Ukiwa na haraka tumia kiberiti cha gesi, unyuzi mwembamba wa alumini unajikunja na kuyeyuka maana alumini inayeyuka nyuzi 660, shaba ni 1,085, inakuwa nyekundu ya moto na kubaki imesimama. Muuzaji akikataa usichome unyuzi mmoja, ushapata jibu.

Baada ya hapo kagua vichwa. Nusu ya spika ninazoletewa eti zimeungua ni waya umelegea kwenye pini au unyuzi mmoja umetoka nje unagusa wa jirani. Vua kiasi tu, sokota nyuzi zote, hakikisha hakuna iliyobaki nje. Ukijua kulehemu paka risasi kwenye ncha zikiingia kwenye pini ya kuchomeka, ila kama pini ni ya skrubu usipake, bana shaba yenyewe, maana risasi inajikandamiza taratibu na skrubu inalegea baada ya muda. Mara moja kwa mwaka vumbi likipungua fungua, futa, funga tena.

Fundi Makole

Kibaigwa umeongea. Nakazia hapo kwenye zile waya zenye plastiki ya kuonekana ndani, zikikaa miaka shaba inageuka kijani. Kwa hiyo kama kuna mabadiliko ya waya kwa muda basi ni hayo, na hayo hayaongezi utamu. Ikifika kijani mpaka kwenye ncha kata ile sehemu, vua upya.

Mkazi wa Nkuhungu

Asanteni sana wakuu, hela haijatumwa na haitumwi. Nimemuuliza jamaa kama naweza kulipia waya ambao haujapikwa nilinganishe na uliopikwa, kaniblock 😅

Swali la mwisho kabla sijaenda dukani kesho. Amplifaya yangu iko pembeni karibu na dirisha, spika moja iko mita mbili na nyingine ni lazima waya uzunguke mlango kwa hiyo ni kama mita sita. Nilisoma sehemu eti waya za kushoto na kulia lazima ziwe urefu sawa, kwa hiyo ninunue sita sita ile ya karibu niviringe nyuma ya kabati?

Fundi Makole

Usiviringe, kata. Tofauti ya mita nne kwa umeme ni kama sehemu 20 za bilioni ya sekunde, ukiinua kichwa kwenye kochi unabadilisha zaidi ya hapo. Upinzani nao kwa mm 2.5 unatofautiana ohm 0.06, kwenye spika ya ohm 8 haifiki hata desibeli 0.1. Nunua mita tisa, ya karibu kata mbili na nusu, ya mbali sita na nusu, hiyo nusu nusu ni ya kusogezea spika mama akitaka kudeki.

Muziki wa Kukodi Kibaigwa

Na pale mlangoni usipitishe chini ya kapeti, watu wanakanyaga nyuzi zinakatika ndani na plastiki nje iko nzima, utatafuta tatizo mpaka ukome. Pandisha juu ya fremu ya mlango, zile klipu za misumari midogo zinauzwa hapo hapo kwenye duka la umeme.

Zabibu Chungu

Na hiyo 180,000 iliyobaki tunapangaje mkuu, mimi niko Majengo jioni hii.